Kamati Ndogo ya Gundi

Gitaa la kwaya yetu lilivunjika shingo ndani ya ukumbi wa usharika, mchana kweupe, mbele ya kwaya nzima, na mpaka leo hakuna aliyeona. Lilikuwa limeegemezwa kwenye kiti cha plastiki. Karibu nalo alisimama mwenyekiti wetu wa kwaya, akitueleza umuhimu wa kutunza mali za kanisa. Mwenyekiti ni mtu wa kuongea kwa mikono. Alipofika kwenye neno "umakini" alitanua mikono yote miwili, kiti kikaenda huku, gitaa kule, na kile kichwa chake ambako nyuzi hufungwa kikabaki kinaning'inia kama cha kuku aliyechinjwa.

Mwenyekiti akalitazama gitaa kwa huzuni, kama mtu aliyefika wakati ajali imeshatokea.

"Naona gitaa limepata changamoto," akasema.

Ngoja nimwelezee kidogo. Ni mzee wa upande wa Bukoba, mrefu, msafi, shati limepigwa pasi mpaka linasimama peke yake. Alikuwa afisa mipango wa wilaya tangu ujana wake, na alipostaafu alirudisha gari na funguo za ofisi lakini lugha ya ofisini aliondoka nayo. Kwake sisi hatukuwa wanakwaya, tulikuwa wadau. Kuchemsha chai ulikuwa mchakato. Mtu akifiwa, mwenyekiti alisimama msibani na kusema marehemu ameacha pengo ambalo linahitaji mkakati. Lakini hakuwahi kukosa msiba hata mmoja, na alikuwa na besi nzito ambayo ilikuwa inatetemesha madirisha. Ndiyo maana tulimvumilia.

Basi akaunda kamati ya kuchunguza chanzo cha gitaa kuvunjika, akaiongoza mwenyewe, na baada ya muda akatusomea matokeo. Chanzo kilikuwa upepo wa ziwa. Siku ile madirisha ya ukumbi yalikuwa yamefungwa yote, kwa sababu ya wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi na kuingia mpaka kwenye meno ya mtu anayeimba. Hakuna aliyelisema hilo. Tulipiga makofi, taarifa ikapokelewa.

Mimi ni fundi seremala. Karakana yangu iko Nyakato, nyuma ya barabara ya viwandani, na natengeneza milango, vitanda na majeneza. Mteja mgeni akiingia hunitazama nilivyojifunga kanga juu ya suruali ya kazi, halafu huuliza fundi yuko wapi. Namwambia ametoka kidogo, atarudi. Kisha nachukua tepu naanza kupima mlango wake, naye anakaa kimya akingoja mwanaume atokee. Wengine wamengoja mpaka mlango ukaisha.

Katika kwaya naimba sauti ya pili. Kuhusu gitaa sikusema kitu mwanzoni, kwa sababu mwenyekiti alikuwa ameshalichukua kwenda nalo nyumbani kulitibu. Alinunua supaglu dukani akalibandika mwenyewe. Liliishi Jumapili moja. Akapigilia misumari midogo miwili. Ile misumari ikafanya kazi ambayo misumari hufanya siku zote kwenye ubao mwembamba, yaani ikaupasua zaidi. Mwishowe akamwita mpiga gitaa wetu, ambaye ni muuguzi wa kituo cha afya, mwanaume mpole asiyependa maneno mengi. Muuguzi alilishika lile gitaa, akaligeuza, akaitazama shingo kwa jicho lile wauguzi wanalomtazamia mgonjwa aliyecheleweshwa nyumbani na ndugu zake.

"Mzee, hapa pamechelewa," akasema.

"Huwezi kulifunga plasta?" mwenyekiti akauliza. "Ile ngumu ya mifupa?"

Muuguzi alidhani ni utani. Haukuwa utani. Mwenyekiti alikuwa ameshapita duka la dawa na plasta yenyewe alikuwa nayo kwenye mfuko wa nailoni. Ikafungwa. Tukaenda na gitaa lenye plasta nyeupe shingoni kuimba kwenye harusi moja Usagara, na watoto wa pale wakalifuata kila lilipokwenda, wakilipa pole. Bibi harusi alipotokea mlangoni, muuguzi akapiga nyuzi zote kwa nguvu, plasta ikatoa ukelele, kichwa kikakunjika mbele na uzi mmoja ukamchapa shavuni. Akaendelea kusimama pale, mkono umeshika shavu, uso mtulivu kabisa. Bibi harusi aliingia kwa makofi tu, na sisi tukiimba kila mtu kwa ufunguo wake.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nalitazama lile gitaa limelala miguuni mwa muuguzi. Kiwiliwili chake kilikuwa kizima na kizuri, ubao mwembamba wa rangi ya asali, bila hata mkwaruzo. Tatizo lilikuwa shingo tu. Nikawaza miaka yangu ya vitanda. Kitanda kikitoa sauti, mteja anarudi kulalamika. Mlango ukitoa sauti, vivyo hivyo. Jeneza ndilo halitakiwi kutoa sauti kabisa. Nilitamani mara moja katika maisha nitengeneze kitu ambacho kikitoa sauti watu wafurahi.

Nikamwambia mwenyekiti nitachonga shingo mpya.

Alinishika mkono kwa mikono yote miwili. Kisha akaanza. Kwanza ulihitajika upembuzi yakinifu. Halafu ilibidi nialikwe kikaoni kuwasilisha andiko. Nikawasilisha: nitachukua ubao wa mninga, nitachonga shingo, nitaibandika. Mjumbe mmoja akauliza kama nimezingatia athari za mazingira. Nikasema mbao zenyewe ni mabaki ya kitanda cha mteja. Ikaandikwa kuwa mradi ni rafiki wa mazingira. Mhazini wetu, mama wa Kikerewe anayeuza samaki aina ya sato Kirumba, mwenye mabega kama ya mpiga kasia, alikuwa amesinzia kwenye benchi. Alipoamka akauliza, "Hivi bado hatujamwambia huyu mama aende akachonge?" Ndipo nikaruhusiwa.

Shingo ya gitaa ukiitazama kwa mbali unaona kama fimbo tu. Sivyo. Kichwa chake hulala kidogo kwa nyuma, ili nyuzi zishuke na kukaa mahali pake. Ukichonga shingo na kichwa kutoka ubao mmoja, mishipa ya mti inakatika pale pale kwenye kona, na kona hiyo ndiyo inayobeba mvuto wa nyuzi zote usiku na mchana. Njia nzuri ni kuukata ubao kwa mshazari, kukigeuza kile kipande kilichokatwa, kisha kuvigundisha viwili hivyo vikiwa vimelaliana, ili mishipa ya mti ifuate mwelekeo wa kichwa. Nilijua hivyo kwa kuambiwa na kwa kutazama video kwenye simu. Kwa mikono nilikuwa sijawahi.

Nikakata. Nikapiga randa, na baada ya randa nikapiga msasa mpaka nyuso za mbao zikateleza kama sahani. Nikapaka gundi nyeupe ya mbao, nikavilaza vipande, nikavibana. Nilikaza vibano kwa nguvu zangu zote, na gundi ilipokuwa inachuruzika pembeni kama jasho nikaona hiyo ndiyo kazi. Shingo ilipokauka nikaichonga, nikaifunga kwenye kiwiliwili, nikaipaka mafuta. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba nilikuwa naipita makusudi ili niiguse. Mwenyekiti alikuja akaipiga picha, akazirusha kwenye kundi la kwaya la WhatsApp pamoja na ujumbe wa sauti mrefu sana, ambao naamini yeye peke yake aliusikiliza mpaka mwisho.

Siku ya mazoezi muuguzi alikaza nyuzi, akapiga kidogo, akanitazama na kutabasamu. Tukasimama kwa sala ya kufungua. Mwenyekiti ndiye aliyeomba, kwa hiyo palikuwa na muda. Katikati ya sala, tumefumba macho, ikasikika sauti ndefu, nyembamba, ya kitu kinachofunguka polepole. Mama muuza sato akaitikia, "Amina." Nilijua kabla sijafumbua macho. Kiungo kilikuwa kimeachia, safi, bila hata kuvunja mti, vipande viwili vimeachana kama watu waliokubaliana.

Nilishika kile kichwa na kuangalia ndani. Mbao zilikuwa kavu. Zilikuwa na kaukungu tu ka gundi, kama maziwa ya chai ya mtu bahili. Nyingine yote nilikuwa nimeikamua nje kwa vibano vyangu, na ile iliyobaki haikuwa na pa kushika kwa sababu ya msasa. Masikio yalinichoma. Pale ukumbini kila mmoja alikuwa ananitazama kwa huruma, jambo ambalo ni baya kuliko hasira.

Mwenyekiti akanijia. Nilitegemea hotuba. Akaniwekea mkono begani, akasema kwa upole kabisa, "Fundi, usivunjike moyo. Tutaunda kamati ndogo."

Kamati Ndogo ya Gundi ilikuwa na wajumbe wanne: mwenyekiti, mama muuza sato, muuguzi na mimi. Ilikutana karakanani kwangu siku ya Jumamosi, na kwa kuwa sikuwa na viti vya kutosha, muuguzi alikalia jeneza ambalo nilikuwa bado sijalipiga vanishi. Hakuonekana kujali. Mama muuza sato alikuja na chupa ya chai na chapati ndani ya hotipoti, kwa sababu alisema anazijua kamati za mwenyekiti.

Mwenyekiti alifungua kikao kwa kutukumbusha dhima. Mama akasema huko mwaloni mafundi wa mitumbwi huziba nafasi za mbao kwa pamba na mafuta, na mtumbwi unakwenda mpaka visiwani na kurudi, kwa hiyo haoni gitaa lina ugumu gani. Nikamwambia ile pamba inazuia maji kuingia, haizuii mbao kuachana. Akasema, "Basi pigilia misumari ya mtumbwi." Mwenyekiti akakohoa, akasema suala la misumari kamati ilishalipitia huko nyuma. Muuguzi alipendekeza tuache kiungo kipumzike muda mrefu zaidi, kwa sababu hajawahi kuona mgonjwa aliyeharibika kwa kupumzishwa. Mwenyekiti naye akapendekeza itafutwe gundi kutoka ng'ambo, halafu akatueleza habari za kozi fulani aliyowahi kwenda huko ng'ambo, halafu habari za chakula cha huko.

Niliwaacha wamalize chapati. Kisha nikatoa vijiti nilivyokuwa nimevigundisha kwa njia mbalimbali wiki ile: vya mshazari mfupi, vya mshazari mrefu, vilivyopigwa msasa na visivyopigwa, vilivyobanwa sana na vilivyobanwa kiasi. Nikaweka vigoda viwili, nikalaza kijiti cha kwanza juu yake kama daraja.

"Naomba mnisaidie kuvunja," nikasema.

Sijawahi kuona kamati ikifurahi namna ile. Mama muuza sato alivua kandambili, akakunja mikono ya blauzi, akakandamiza. Ta! Akakandamiza kingine. Ta! Mikono yake imebeba ndoo za samaki tangu usichana, hakuna kijiti kilichokuwa na ubavu. "Hii si gundi," akawa anasema, "hii ni uji. Lete kingine." Muuguzi akashuka kwenye jeneza akavunja viwili kwa goti. Watu wa duka la jirani walikuja mlangoni wakidhani tunagombana. Vijiti vya mshazari mrefu vilijitahidi, na vile visivyopigwa msasa vilijitahidi zaidi, lakini mwisho vyote vilikwenda, na kila kimoja kiliachia palepale kwenye kiungo.

Ndipo nikaona mwenyekiti ameacha kuzungumza. Alikuwa ameinama kwenye mwanga wa mlango, kijiti kilichoachia kiko mkononi, anapitisha kidole gumba kwenye ufa.

"Baba alikuwa na mtumbwi," akasema.

"Wa kuvulia?" mama akauliza.

"Hapana. Wa ndizi. Gogo lililochongwa tumbo, la kukamulia ndizi. Kiangazi kimoja likapasuka kwa urefu. Mama akasema likatwe kuni. Baba akakataa. Akalilaza uani, akachimba vijishimo vyembamba kwa patasi, vinakatiza ufa, hivi." Akaonyesha kwa ukucha. "Akapachika vipande vya mti mgumu humo ndani, vimebana kabisa. Kama mtu anayeshona nguo. Akapaka utomvu. Mimi nilikuwa nalishikilia gogo lisicheze. Alinikemea siku ile kwa sababu nililiachia nikatazama ndege."

Akakigeuza kijiti mkononi.

"Halikupasuka tena. Nimekwenda shule, nimerudi, bado wanakamulia. Baba amekufa limebaki."

Hapakuwa na mdau wala mchakato ndani ya maneno yale. Ilikuwa mara ya kwanza namsikia akiongea kama mtu aliyezaliwa na mama, na tulibaki tumemtazama. Muuguzi ndiye aliyeuliza.

"Ndizi za nini, mzee?"

"Za juisi," mwenyekiti akajibu haraka.

Mama muuza sato akageukia ukutani, mabega yanamcheza. Sote tulijua juisi ya huko kwao inakaa siku ngapi kabla ya kunywewa, na wanaoinywa huimba bila kiongozi. Lakini yeye ni mzee wa kanisa, na juisi ikabaki juisi.

Sitaficha kwamba niliudhika. Mtu aliyepigilia misumari, aliyefunga plasta, ndiye alikuwa na jibu, na alikuwa nalo tangu utotoni, limelala chini ya zile karatasi zote za ofisini. Nilitamani wazo lile lingekuwa langu. Walipoondoka nilifagia vijiti vilivyovunjika kwa hasira, kisha nikakaa chini, nikachukua kijiti kipya chenye mshazari mrefu, na nikachimba vijishimo viwili vinavyokatiza kiungo kwa urefu. Ndani nikapachika vipande vya mpingo, vyembamba, vimebana kiasi kwamba nilivigonga kwa nyundo ya mbao.

Jumamosi iliyofuata kamati ikarudi. Hawakuhitaji kualikwa. Mama akakandamiza. Kijiti kikapinda kidogo, kikarudi. Akakandamiza kwa mikono miwili. Akakaa juu yake. Akaniangalia akiwa ameketi vile, macho yamemtoka, akasema, "Hii sasa ni gundi ya kweli." Muuguzi akaongeza uzito wake kwa kumkandamiza mama mabegani, mama akamwambia amheshimu. Mwishowe kijiti kilivunjika, lakini si kwenye kiungo. Mti wenyewe ndio uliokatika, pembeni, mahali pazima ambapo hapakuwahi kuwa na gundi. Kiungo kilibaki kimekumbatiana, na mishono yake miwili myeusi haikusogea.

Mwenyekiti alipiga ukelele, akamkumbatia muuguzi, akamkanyaga mguu. Kisha akajirekebisha shati, akakohoa, na lugha ikamrudia. "Wajumbe, hapa tumeshuhudia teknolojia jumuishi," akasema. Nikajua tumempoteza tena.

Shingo ya pili niliichonga bila haraka. Niliurefusha mshazari. Nyuso za kugundishwa niliziacha kama randa ilivyoziacha, bila msasa. Nilipaka gundi pande zote mbili, na kwa kuwa mbao za mshazari hupenda kuteleza zikibanwa, nikanyunyiza punje chache za chumvi katikati ili zishikane. Chumvi yenyewe alinipa mama muuza sato kutoka kwenye ndoo yake ya samaki, akasema ikinuka nisimlaumu. Vibano nilivikaza mpaka gundi ikajitokeza kama shanga ndogondogo, nikaacha hapo. Nikaacha ikae, nikafanya vitanda vya watu. Baadaye nikachimba mishono, nikapachika mpingo, na juu ya uso wa kichwa nikabandika kipande chembamba cha mninga kinachopita juu ya kiungo na kukifunika kabisa. Kwa nyuma mwenyekiti aliniomba nisiifiche mishono. Aliniomba kwa sauti ndogo, hivyo sikuificha.

Kuzindua gitaa lilikuwa wazo la kamati. Nilisema gitaa halizinduliwi, linapigwa. Nikaambiwa ni mradi, na mradi usiozinduliwa unaonekana kama umeibiwa. Akaalikwa mgeni rasmi, mheshimiwa ambaye hata cheo chake nitakiacha. Likakodiwa turubai, vikapangwa viti vyenye vitambaa vyeupe, na gitaa likawekwa juu ya meza likiwa limefungwa utepe shingoni, karibu na kichwa, juu ya nyuzi. Nilipouona ule utepe nilimwambia mwenyekiti usogezwe. Akasema ratiba imeshachapwa.

Mheshimiwa alifika tukiwa tumeshaimba nyimbo zote tunazozijua na mbili tusizozijua. Alizungumzia barabara, alizungumzia bei ya pamba, alizungumzia vijana wanaoshinda kwenye simu huku simu yake ikiita mfukoni. Kisha akapewa mkasi uliolazwa kwenye sinia. Akatabasamu kwa wapiga picha, bila kutazama mkono wake, akakata. Utepe ukaanguka. Pamoja nao ukakatika uzi mwembamba kuliko wote, ukalia tiing! na kujikunja hewani.

Watu walipiga makofi na vigelegele. Walidhani ndivyo gitaa linavyozinduliwa.

Muuguzi alinitazama. Mimi nilitazama chini. Lakini mwenyekiti alikuwa ameshapanda juu ya wimbi la makofi na hakutaka kushuka. Alichukua kipaza sauti akaeleza kuhusu teknolojia jumuishi iliyobuniwa na wadau wenyewe, akasema shingo hii haivunjiki, hata uikalie. Akaona mheshimiwa anatabasamu kwa mashaka. Basi akachukua viti viwili vyenye vitambaa vyeupe, akavitenganisha, akalilaza gitaa juu yake, kiwiliwili huku na kichwa huku, shingo katikati, na akainamisha kichwa kwa heshima.

"Mheshimiwa, karibu ujaribu."

Mheshimiwa ni mtu mnene. Aliinuka. Nadhani hakujua namna ya kukataa mbele ya wapiga picha. Kabla sijapiga kelele, nikamwona mama muuza sato anatoka kwenye safu ya sauti ya kwanza, anapita mbele ya meza kuu na sare yake, analibeba gitaa kama anavyobeba mtoto aliyekaribia moto.

"Tumeshavunja vya kutosha," akasema, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa karibu, usharika mzima ulisikia. "Mpeni mwenye kazi apige."

Akamkabidhi muuguzi. Muuguzi alikaa, akazikaza nyuzi tano zilizobaki, hakuharakishwa na mtu. Akaanza. Mwanzoni sikusikia chochote, nilikuwa naitazama ile kona ya shingo, nangoja ifunguke. Haikufunguka. Halafu sauti ikanifikia, nzito kuliko ilivyokuwa zamani, ina joto la mninga ndani yake, na kwaya ikaingia bila mtu kuhesabu. Nilisahau kuimba. Jirani yangu alinikanyaga mguu nikaingia katikati ya ubeti nikiwa nalia, na sauti ya pili siku ile ilikuwa mbaya sana.

Kamati ikatoa vyeti vya shukrani. Mwenyekiti alipata, mheshimiwa alipata, mwenye turubai alipata. Changu kiliandikwa "Mpishi Bora," kwa sababu ya mkanganyiko uliotokea dukani kwa mchapaji. Nimekibandika karakanani. Wateja wanaomngoja fundi wanakisoma, halafu wananitazama kwa heshima kidogo, wanauliza kama naweza pia kuchukua oda ya pilau.

Miezi michache baadaye muuguzi alihamishiwa Ukerewe. Tulidhani ni jambo dogo kumwachia gitaa aende nalo, lakini kamati ilikaa na kuamua gitaa ni mali ya usharika na haliwezi kuvuka maji. Muuguzi aliondoka na begi lake, akatuaga mmoja mmoja. Hakuna mwingine kwenye kwaya aliyejua kulipiga. Likafungiwa kabatini kwenye ofisi ya usharika, ufunguo kwa mwenyekiti, salama kabisa, shingo imara kuliko shingo zote za mkoa.

Niliumia. Nikaenda kumwona mwenyekiti nyumbani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Kuna jambo?"

"Kuna jambo la kitaalamu," nikasema. "Kile kiungo kinahitaji ukaguzi endelevu. Mbao zinahema, mzee, majira yakibadilika. Napendekeza gitaa likae kwenye mazingira ya uangalizi, pale karakanani."

Alinitazama kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni pake. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumjibu kwa lugha yake. "Ukaguzi endelevu," akarudia polepole, kama anayeonja. "Andaa tu mpango kazi."

Sikuandaa. Gitaa liko hapa karakanani, limetundikwa mbali na vumbi la msumeno. Muuguzi hunitumia sauti kwenye simu akinielekeza vidole viende wapi, nami naketi mchana kazi ikipungua, nafanya anavyosema. Vidole vyangu ni vya patasi, havikunjiki vizuri, na kuna mahali nikibonyeza panatoa sauti ya mbuzi. Mwenyekiti anapita karibu kila Jumamosi. Anakaa, anasikiliza, ananiambia kidole cha tatu kisogee juu kidogo, na mara nyingi anakosea. Wiki iliyopita nilipiga wimbo mmoja mfupi mpaka mwisho bila kusimama. Alikuwa ameinama anatazama mishono nyuma ya shingo, na hakutoa maoni yoyote.

"Rudia," akasema.